CD Zangu Uvunguni

Mchana, mabati ya nyumba yetu hapa Kondele huwaka mpaka mijusi wanahama. CD zangu za muziki zilikaa juu ya kabati karibu na dirisha, hadi siku nilipotoa moja nikakuta imejikunja kama chapati. Nilifoka asubuhi yote, utadhani jua lina masikio.

Mke wangu alipapasa sakafu kila mahali, akasema penye baridi ni chini ya kitanda chetu. Nikazihamishia huko, ndani ya ndoo yenye kifuniko, nikafurahi mara mbili. Mama yangu akija kutoka Katito huzicheza, kisha huziacha juu ya redio yenye moto. Na sisi Waluo, mzazi haingii chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa. Ameshindwa!

Jumamosi akaja. Aliangalia kabati tupu, akaangalia mlango wa chumba chetu, akavua viatu na kuegemea kochi.

"Baba," akaniita kama kawaida yake, "niletee ile ya kwaya."

Nikaingia uvunguni.

"Si hiyo. Ile nyingine."

Kufikia jioni CD zilikuwa baridi kabisa. Aliyelowa jasho ni mimi.