Sumu ya Baharini, Gachoka

Afisa wa samaki alitujia Gachoka akiwa bado amebabuka na jua la Mombasa. Alikuwa amepelekwa huko kwenye semina ya mwani wenye sumu baharini, na kwa kuwa elimu iliyolipiwa haiwezi kuachwa ilale bure, akaamriwa aje awafundishe wafugaji wa samaki wa Mbeere, watu ambao maji mengi kuliko yote waliyowahi kuyaona ni ya mafuriko. Tukakaa kwenye viti vya kanisa tukaonyeshwa picha za bahari iliyogeuka nyekundu.

Kazi yangu ya ofisini Embu imenikalisha kwenye semina nyingi za kusinzia, lakini ile ilinishika. Afisa alisema mwani huo ni mdogo, mmoja mmoja hauonekani kwa macho, na kwamba hautoi sumu kila siku. Ukipata joto, maji yaliyotuama na mbolea inayotiririka kutoka mashambani, unazaana kupita kiasi. Chakula chake kikikosa mizani, au ukisumbuliwa na vidudu vinavyoula, baadhi yake huzidisha sumu. Akaongeza kwamba kuna aina zinazoificha sumu hiyo ndani, na ukiziua ghafla zinaimwaga yote majini.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu na mwenyekiti wa wafugaji, alihamishia majani ya muguka aliyokuwa akitafuna shavu la pili.

"Afisa, hapa Gachoka bahari iko wapi?"

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Mama yangu, aliyekuwa nyuma akichambua ndengu, akauliza kama bwawa nalo linaweza kuota kitu hicho. Afisa akajibu kwamba maji yasiyo ya chumvi yana mwani wake, na tabia ni karibu zile zile. Baba mdogo akamwambia shemeji yake awaachie wenye samaki mambo ya samaki.

Na samaki alikuwa nao. Mfugaji hufundishwa kutia samadi hadi maji yawe ya kijani kiasi: unazamisha mkono, maji yakifika kwenye kiwiko na kiganja kikaanza kupotea, inatosha. Kwa baba mdogo, kutosha ni neno la maskini. Aliongeza samadi ya kuku, kisha mbolea ya mahindi, kwa hoja kwamba kijani ni kijani, kiwe shambani au majini. Kiganja chake kilipotea kabla maji hayajafika kwenye saa. Alileta hadi wageni wazamishe mikono yao wastaajabu. Nilipomwambia amezidisha, alinijibu nirudi Embu nikagonge mihuri.

Kiangazi kikaja. Mfereji uliokuwa ukileta maji ukakauka, bwawa likatulia juani, likaota utando mzito kama rangi ya geti. Likanuka. Mwenyekiti hawezi kuwa na bwawa linalonuka, kwa hiyo alipanda kwa wakulima wa kahawa akarudi na mrututu, ile dawa ya buluu wanayonyunyizia mikahawa, akaumwaga wote. Kesho yake utando ulikuwa umezama na yeye akatembea kijijini akijisifu. Adhuhuri ng'ombe wa mama, wa pekee, tena mwenye mimba, akanywa pale. Asubuhi tulimkuta amekufa, na samaki wakielea tumbo juu.

Mama alilia. Baba mdogo alitafuta mchawi.

Hakwenda mbali. Jirani yetu, mwanamke mzee anayeishi peke yake, alikuwa amepita siku ile na jerikeni yake akamsifu ng'ombe kwa kunenepa. Ikatosha. Eti ana jicho baya. Samaki nao, nadhani, aliwasifu mmoja mmoja. Wazee wakaitwa kando ya bwawa: mama huyo ale kiapo au ahame. Alisimama mbele yao ameshika ncha ya leso, na hakuna aliyempa kiti. Niliona aibu kuwa wa ukoo ule. Nilianza kuwakumbusha maneno ya afisa, nikaambiwa niache hadithi za bahari, hapa kuna msiba.

Ndipo mama yangu akaja kutoka jikoni na kikombe. Akainama, akachota maji ya bwawa, akampa baba mdogo kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

"Shemeji, ukisema ni huyu mama aliua ng'ombe, basi hii maji haina makosa. Kunywa, sisi tuamini."

Baba mdogo alikipokea, kwa sababu mwanamume hakatai kikombe cha shemeji yake mbele ya wazee. Akakitazama. Wazee nao wakakitazama. Kisha akakiweka chini polepole, akasema ametoka kunywa chai sasa hivi.

Wazee wakaanza kutafuta fimbo zao waondoke. Jirani yetu alibaki amesimama palepale, akingoja mtu amwombe msamaha. Mpaka leo anangoja.