Kisanduku cha Majina

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau hata sasa mvi zinaponijaa kichwani. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu. Chumba changu pale mjini Kisii kilikuwa na meza moja, kompyuta moja na kiburi cha kutosha nyumba nzima. Lo, nazitamani siku zile! Nilikuwa nimemtengenezea Mzee Onchari, mchongaji wa yale mawe laini yaitwayo mawe ya sabuni, duka la mtandaoni. Mteja alichagua sahani, akaandika majina kwenye kisanduku, na mzee akayachonga.

Kisanduku hicho ndicho kilichoniponza. Ningeweza kukitengeneza kama programu nyongeza, inayosimama peke yake. Hiyo ingenichukua siku tatu. Mimi nikakichomeka ndani ya faili za kiolezo, yaani zile zinazolipatia duka sura yake, nikamaliza kabla chai haijapoa. Nikajiona fundi kwelikweli.

Miezi ikapita. Waliotengeneza kiolezo wakatoa toleo jipya, nikaliweka, duka likapendeza. Sikujaribu hata kuagiza kitu kimoja. Kumbe faili mpya zilifuta zangu zote, na kisanduku kikaenda nazo.

Wiki hiyo Moraa wa Ekerenyo aliagiza sahani ya wazazi wake, waliotimiza miaka hamsini ya ndoa. Hakuona pa kuandika majina, akadhani tutampigia simu. Mzee naye hakuona majina, akadhani anataka sahani tupu. Ikafika siku ya ibada ya shukrani, mbele ya ukoo mzima. Baba yake, aliyekuwa mgonjwa, aliigeuza sahani mbele na nyuma akitafuta jina lake.

Mzee Onchari alinijia na habari hiyo, vumbi la mawe bado kwenye nyusi, nami nikamweleza kilichofuta kisanduku. Hakupaza sauti.

"Binti yangu, uliandika kazi yangu kwa ukuta ya kupakwa rangi," alisema. "Rangi ikikuja, maandishi inaenda. Si ungeniwekea kibao yake?"

Machozi yalinitoka. Nilizikalia siku tatu zilezile nilizozikwepa, nikatengeneza programu nyongeza. Mzee akachonga sahani nyingine, nami nikaipakata kwenye bodaboda hadi Ekerenyo. Nilikuta matanga. Mama yake Moraa aliipokea, akapitisha kidole juu ya jina la mumewe.

"Alikuwa anataka aisome mwenyewe," aliniambia.

Basi shika hili, mwanangu, nawe unapoanza kazi hii. Ukibadilisha sura tu, rangi na mpangilio, panua kiolezo, lakini kwa kiolezo kidogo cha kwako kinachoegemea kile kikuu. Faili za wenyewe usiziguse. Ikiwa ni kazi ambayo mtu anaitegemea, iandikie programu nyongeza yake. Na kila ukiweka toleo jipya, jifanye mteja, uagize kitu mpaka mwisho. Mimi niliharakisha, na mzee wa watu, baba yake Moraa, akazikwa bila kuliona jina lake.

Mungu akupe subira niliyoikosa, na kazi ya mikono yako isimpe mtu yeyote huzuni.