Vyumba Viwili vya Kwenda Bukoba

Mume wangu alinunua tiketi zile za meli kwa heshima, ndiyo maana sikuweza kumlaumu. Mdogo wangu, aliyeolewa Bukoba, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mama yetu alitakiwa aende kumwangalia mzazi na kumwogesha mtoto. Mama alikuwa mtu wa Shishiyu, wa mtama na ng'ombe. Maji mengi aliyoyajua yalikuwa ya lambo la kunyweshea mifugo. Nilikubali kumpeleka, nikiwa na binti yangu wa miaka minne.

Mume wangu naye akasema atakwenda nasi. Zamani alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, akipima pamba ya wakulima. Wanunuzi binafsi walipoingia na mizani kuwa kila kona, kazi yake ikaisha, akafungua duka dogo pale Bariadi. Miaka hiyo kila mtu alikuwa anafungua kitu. Alisikia kwamba Bukoba kuna bidhaa za kutoka Uganda, akataka kuziona kwa macho yake.

"Mama asije akalala sakafuni kama mzigo," aliniambia. "Nimechukua vyumba viwili, vya familia. Vina mlango katikati."

Huo mlango wa katikati ndio ulionitia wasiwasi.

Kwetu mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na mmoja hasogelei kitanda cha mwenzake. Katika miaka sita ya ndoa yangu mama hakuwahi kulala kwangu. Akija Bariadi mnadani alifikia kwa shangazi, na mimi ndiye niliyemfuata huko na sufuria ya chakula mkononi.

Safari ya basi ilikwenda vizuri, kwa sababu basi lina mbele na nyuma. Mume wangu alikaa karibu na dereva, mama akakaa kiti cha mwisho, mimi na mtoto katikati. Pale Lamadi mume wangu alinunua samaki wa kukaanga kupitia dirishani, akanipa mimi, nami nikampelekea mama. Mama akala, akasema, "Samaki mzuri." Nikarudi mbele kumwambia mume wangu kwamba samaki ni mzuri. Ndivyo tulivyofika Mwanza.

Tuliingia melini jua likiwa bado juu. Mhudumu mmoja, kijana mwenye funguo nyingi kiunoni, alitupeleka kwenye korido nyembamba iliyonuka rangi na mafuta ya dizeli. Akafungua mlango. Ndani kulikuwa na kitanda cha chuma cha deka, kimoja chini kimoja juu, godoro jembamba la sponji kila kimoja, karo ndogo ya kunawia, na kibao cha kukunjua ukutani kama meza. Halafu akasukuma mlango wa katikati, na chumba cha pili kilikuwa vilevile, kana kwamba mtu amekikata cha kwanza na kukigeuza.

"Mlango wa nje wa hiki cha pili uko wapi?" nilimwuliza.

"Ule pale," alisema, akionyesha. "Ila kitasa kiliharibika, mafundi wakaupiga misumari. Mnapita humu humu. Si ninyi ni familia?"

Mama alikuwa amesimama koridoni na kifurushi chake kichwani. Alisikia kila neno. Mume wangu, aliyekuwa nyuma yake kwa hatua kama kumi, akiangalia sakafu, naye alisikia.

Basi hesabu ikawa hii. Mama akilala ndani, hawezi kwenda chooni mpaka apite mbele ya mkwilima wake aliyelala. Mkwilima akilala ndani, hawezi kutoka mpaka ampite mama akiwa amejifunika shuka. Tena vitanda vya vyumba vyote viwili vilikuwa vimeegemea ukuta uleule wa mbao. Kichwa cha mmoja na kichwa cha mwingine vingetenganishwa na ubao usiozidi unene wa kidole.

Mama alipotangulia kwenda kutazama choo, mume wangu aliingia haraka, akashika kitanda cha ndani ili akisogeze upande wa pili. Hakikutikisika. Akainama, akaona miguu imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya chuma.

"Nitalala nje," alisema, huku akijipangusa vumbi. "Mwambie mama achague kitanda anachotaka."

Mama aliporudi nikamwambia. Alibaki amesimama, hata kukaa hakutaka, kwa sababu begi la mume wangu lilikuwa limewekwa juu ya godoro. Nililiondoa, lakini bado hakukaa.

"Mimi simfukuzi mume wa mtu kwenye kitanda alichokilipia," alisema.

"Mayu, amekubali mwenyewe."

"Amekubali kwa haya. Nami nina haya yangu."

Honi ya meli ililia, mtoto akashtuka na kuanza kulia, nikashughulika naye. Nilipogeuka, mama alikuwa ameondoka na kifurushi chake. Nilidhani ameenda kupunga upepo. Nilimsubiri mpaka taa za Mwanza zikawa ndogo. Nikakaa kitanda cha nje, nikahamia cha ndani, nikafungua mlango wa katikati, nikaufunga. Vitanda vinne, na hakuna mtu aliyelala hata kimoja. Mwishowe nikambeba mtoto mgongoni, nikatoka.

Mume wangu nilimkuta sitaha ya juu, amekaa nyuma ya kreti za soda, kola ya koti ameinyanyua.

"Mama amelala?" aliuliza.

"Hayupo."

Akasimama. Tulimtafuta pande zote mbili za meli, tukashuka ngazi hadi daraja la tatu, ambako watu walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi na chini ya mabenchi. Wakati huo ziwa lilikuwa limeanza kuchafuka. Meli ilipanda, ikakaa kidogo kama inafikiri, kisha ikashuka.

Mama alikuwa kati ya magunia mawili, amemshika mkono mama mmoja wa Muleba asiyemjua, na alikuwa anatapika ndani ya kopo la maziwa. Kilemba kilikuwa kimemtoka. Sikuwa nimewahi kumwona kichwa wazi mbele ya watu.

Mume wangu alimwona, akageuka papo hapo akatazama ngazi. Lakini hakuondoka. Alivua koti, akaninyooshea bila kugeuka.

"Mfunike. Usiseme ni langu."

Nikamfunika mama. Alilishika, akalinusa, akang'ang'ania kopo mpaka wimbi lingine likapita.

"Linanuka sabuni za dukani," alisema. "Yuko wapi?"

"Pale kwenye ngazi. Amekupa mgongo."

"Amevaa nini?"

"Shati tu, mayu."

Akalivuta koti mpaka shingoni. Yule mama wa Muleba akamwambia, "Dada, nenda ukalale. Huku chini ndiko meli inakorusha watu zaidi."

"Haya," mama aliniambia. "Mwambie atangulie. Alale huko ndani, mimi nilale karibu na mlango, maana tumbo hili halitaniacha. Lakini njia yake utaitengeneza wewe, nisimwone asinione."

Nikapanda, nikatengeneza. Nilichukua mashuka ya vitanda vya juu na kitenge changu, nikayafunga kwenye vyuma vya deka na kwenye msumari wa kuning'inizia nguo, mpaka kitanda cha mama kikawa kama kihema na pembeni yake ikabaki njia ya kupita mtu mmoja akienda ubavu ubavu. Mume wangu akapita, akaingia ndani, akafunga mlango. Mama akaja, akalala. Nikamlaza mtoto ubavuni pake, nikakaa sakafuni.

"Kichwa chake kiko upande gani?" mama alinong'ona.

"Upande huu wa karo."

Akajigeuza, akaweka kichwa upande wa pili. Baada ya kitambo kidogo tukasikia kikohozi cha mume wangu, karibu kabisa, hapo hapo sikioni mwa mama. Kumbe naye alikuwa amefikiri kama mama alivyofikiri, akajigeuza. Nilimsikia mama akitikisika, nikadhani anatapika tena. Alikuwa anacheka.

"Mwambie," alisema kwa sauti ambayo mtu yeyote angeisikia, "mwambie asijigeuze tena. Tutazunguka mpaka Bukoba."

"Mama anasema usijigeuze tena," nikasema.

"Mwambie mama nimesikia," mume wangu akajibu kutoka upande wa pili.

Baada ya hapo hawakuacha. Mama aliuliza, kupitia kwangu, kama duka linalipa. Mume wangu akajibu, kupitia kwangu, kwamba siku nyingine linalipa, siku nyingine anakaa tu na nzi. Mama akauliza kama anaukumbuka ule mzani wa zamani. Akasema anaukumbuka, na kwamba mwaka wa mwisho alikuwa akifika kazini asubuhi, anaufuta vumbi, anakaa, na hakuna anayeleta pamba. Hilo mimi mke wake sikulijua. Nililirudia neno kwa neno. Mama akasema, "Mwambie hakuwa mvivu. Shishiyu nzima inajua hakuwa mvivu."

Nikamwambia.

Nilikuwa nimechoka hadi kope zinauma. Kila nilipoinamisha kichwa, kidole cha mama kilinigusa begani. "Mwambie." Nikimaliza yake, ubao uligongwa taratibu. "Mwambie mama." Meli ilipanda na kushuka, mashuka yakapepea, mtoto akajipindua, nikawa nasimama, nakaa, nashika kopo, nafunga fundo lililolegea. Sikusinzia hata kidogo.

Bukoba ilipoonekana, mume wangu alisubiri ndani mpaka tukatoka sote, na mhudumu akamgongea kwa hasira akidhani amebaki mtu mgonjwa. Koti lilibaki kwa mama. Alishuka nalo mabegani, refu kupita magoti, na hakuna aliyeliomba.

Mdogo wangu alitupokea mlangoni kwake, amembeba mwanawe.

"Mmelala njiani?" akauliza.

"Tumelala vizuri," mama akasema.

"Vizuri kabisa," mume wangu akasema kutoka uani, mgongo umeelekea nyumba.

Mdogo wangu akaninyooshea mtoto nimpokee. Nikamwomba nikae kwanza. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake, nikasema nitamshika sasa hivi, na waliponiamsha ilikuwa jioni na mtoto alikuwa ameshaogeshwa mara mbili.