Pikapu Iliyokataa Kuzikwa Mchangani

Asubuhi ile nilitoka nyumbani Ujiji bila mpango wowote, kama nilivyotoka asubuhi nyingi za masika yale, daftari kiunoni na shule ikiwa upande mwingine kabisa. Miguu ilinipeleka Bangwe. Kabla sijaona chochote nilisikia harufu: oili nzito ya difu, kali kama yai viza lililochomwa pamoja na mpira. Niliifuata mpaka uani kwa Fundi Bukuru, nikaikuta pikapu ya Shangazi Mwamvua imeinuliwa nyuma juu ya magogo, tumbo wazi pale kwenye difu, gia zinazogawia magurudumu ya nyuma nguvu, oili nyeusi ikichuruzika ndani ya karai. Shangazi alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba akila muhogo wa kuchoma.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Shule imehamia Bangwe?" Akanimegea muhogo, kesi ikaisha.

Nilijua kilicholileta gari pale. Shangazi alinunua dagaa Kibirizi na kuwapeleka Simbo na vijiji vya mbele. Pikapu yake ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na masika gurudumu moja likikanyaga tope lilizunguka kwa wazimu huku mwenzake ametulia kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Gari lilikwama, dagaa wakanyeshewa njiani mpaka wakaanza kunuka. Ndipo Mzee Sefu, mwenye boti pale Kibirizi, alipotaka kuinunua ili aikite mchangani moja kwa moja, iwe mashine ya kuvutia boti. Kwetu ufukweni kazi hiyo ilikuwa ya kawaida: unainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, unavua tairi na kubakiza rimu, unazungushia kamba, unatia gia. Rimu inazunguka na kuvuta boti, gurudumu lililo chini linatulia, gari haliondoki. Mimi niliyeshindwa kukaa mahali pamoja hata kumaliza uji, niliumia kufikiri kwamba gari zima litazikwa hai. Shangazi naye aliumia. Alichofanya ni kuagiza difu nyingine kutoka Dar, ikaja kwa treni. Hii ilikuwa na sahani za klachi ndani yake, ili gurudumu moja likiteleza nguvu isiishie kwake, mwenzake naye apate.

"Ikishindwa kupanda kilima na hii," alisema, "Mzee Sefu aichukue."

Fundi Bukuru aliniambia nizungushe gurudumu la kushoto kwa mkono. La kulia likazunguka kinyumenyume. Nilicheka, nikarudia, nikauliza kwa nini, nikauliza tena. Alijibu huku anachomoa ekseli, anafungua propela, chuma kirefu kinacholeta nguvu kutoka mbele, anaishusha difu ya zamani. Alihamisha gia yake kubwa akaifunga kwenye difu mpya, akapachika vishimu, visahani vya kurekebisha nafasi, vyembamba kama kucha, akaitikisa gia kwa kidole na kutega sikio, akatoa kishimu kimoja, akatega tena. Baada ya kufunga kila kitu na kumimina oili yake maalumu, alinipa gurudumu nizungushe. Safari hii yote mawili yalikwenda mbele pamoja.

"Ego!" alisema kwa Kiha chake, ndiyo hiyo. "Sasa ni mapacha. Na mapacha nawajua, mimi mwenyewe nina mwenzangu."

Tukashuka wote watatu Kibirizi kupakia. Mzee Sefu alikuwa majini, ameketi kwenye boti lake lililohitaji kuzibwa nyufa. "Mwamvua, nivutie kidogo," alipiga kelele, "nijue ninachonunua!" Fundi mwenyewe ndiye aliyeweka jeki, akavua tairi, akazungusha kamba, akatia jiwe mbele ya gurudumu la pili. Mazoea yana nguvu. Mimi nililitazama lile la chini.

"Fundi, na lile lingine je?"

"Lingine nini? Sogea, kamba itakukata."

Shangazi akatia gia. Kamba ikakaza, na gurudumu la chini likamkumbuka pacha wake. Pikapu iliruka kutoka kwenye jeki, ikapanda jiwe, ikapandisha ufukwe kwa tairi moja na rimu tupu, na boti nyuma yake, na Mzee Sefu ndani ya boti kashika kofia, anapiga kelele, "Mwamvua! Nimefika! Inatosha, nimefika!" Gari lilisimama hatua chache kabla ya vichanja vya dagaa.

"Mzee, ziwa liko kule," mama mmoja alimwelekeza kwa adabu zote, na wapagazi wakaketi chini kwa kucheka. Fundi Bukuru aliitazama jeki yake iliyobaki peke yake mchangani, akajikuna kichwa.

Mzee Sefu alishuka, akajipangusa. "Hii haivuti boti. Hii inahama nalo. Siitaki."

Shangazi hakumsikia, alikuwa anaita wapagazi wapakie magunia. Fundi alirudisha tairi, tukaondoka na mvua. Kwenye kilima cha Simbo gurudumu la kushoto lilianza kuteleza, nikafumba macho. Mngurumo ukazama kidogo, kitu kikashika upande wa kulia, na tukapanda polepole, tope likirukia madirisha. Tulipita Simbo, tukafika kijiji nisichokijua hata jina. Mteja wa Shangazi alitupa stoo yake tulale, mkeka katikati ya magunia.

Siku hizi nafika miji mipya kwa basi, juu ya lami, na kazi yangu pekee ni kuamka na kushuka. Nimelala kwenye gesti nyingi zenye feni na mito laini, na kila nikilaza kichwa nazilinganisha na stoo ile. Bado hakuna mto uliolifikia gunia lile la dagaa. Usiku ule, kabla usingizi haujanichukua, nilimuuliza Shangazi kama bado anauza gari.

"Gari gani?" alisema, akajifunika kitenge.