Kitabu Mezani kwa Komanda

Kaka yangu na mimi tulimpenda yule mwandishi kupita kiasi. Alikuwa mzungu wa mbali, aliyeandika riwaya za mahakamani, nasi tulizisoma kwa Kifaransa, zikiwa zimechakaa, kutoka sokoni Butembo. Kaka alianza kusoma, kwa kuwa ndiye mkubwa, kisha mimi, na jioni tulimsimulia mama huku akichambua maharagwe. Mwisho ulikuwa uleule: wakili anasimama, anasema, asiye na kosa anarudi kwao. Niliuamini kuliko mahubiri, Mungu anisamehe.

Vita vilipochachamaa, kaka alikuwa akipeleka maharagwe kutoka Kipese hadi Mbau. Askari wa kizuizi cha barabarani wakasema analisha maadui. Wakamfunga huko Beni, mtaa wa Bungulu, katika nyumba ya watu waliyoigeuza kambi.

Nikaenda kumwombea. Mezani kwa komanda nikaona kitabu cha mwandishi wetu, na moyo ukaniruka kwa furaha. Msomaji wa vitabu hivi, nilijiambia, hawezi kufunga mtu bure. Nikasimama, nikamtetea kaka kama mawakili wetu: nani alimuuzia, nani alinunua, nani angeshuhudia. Komanda alinisikiliza vizuri sana. Kisha akagusa kitabu.

"Dada, hii ulishasoma?"

"Nilisoma, komanda."

"Ule mutu banafunga, ku mwisho anatoka?"

"Anatoka. Juge anahukumu hana kosa, anamuacha."

Akakisukuma pembeni. "Ah bon. Donc ni mambo ya kudanganya batoto. Hapa tribunal ya kuhukumu mutu iko wapi? Rudia kwenu."

Nilirudi na chakula mara nyingi, mpaka askari wa mlangoni aliponiambia, "Banamuhamisha." Wapi? Hakujua, au hakutaka kujua. Hatukumwona kaka tena.

Nilimchukia mwandishi kuliko komanda. Komanda hakuwahi kuniahidi kitu. Vitabu nikavisokomeza jikoni vya kuwashia moto, na vikaisha kimoja kimoja. Siku hizi hata chuki imechoka. Aliandika ya kwao, ambako mfungwa anajulikana alipo, ana mlango wa kubishiwa hodi. Sisi ndio tuliosoma kana kwamba ni kwetu.

Lakini mama hajachoka. Kila achambuapo maharagwe huniambia, "Unielezee tena ya ule mwenye alitoka." Namweleza yote, na mwisho siubadilishi, nitaubadilishaje?

"Alitoka kweli?"

"Kweli, mama."

Basi anageuza kiti chake, anatazama njia inayotoka Beni.