Bwana Pedley Alivyojitia Ugonjwa

Ambrose Pedley, mshona glavu na mbunge wa Wexcombe, alikuwa mwoga wa matope. Ndivyo alivyojisema mwenyewe kila alipokaa kilabuni, na mimi simkanushi. Bunge la Malkia lilipomwita London katikati ya baridi, barabara zikiwa matope matupu, alijitia ugonjwa, akaandika barua kwamba hatainuka tena. Wazee wa mji hawakupoteza muda: walimchagua fundi mwenzake, Gervase Stubb, ashike nafasi yake. Ambrose walimpelekea supu ya mgonjwa, akainywa yote bila haya.

Kisha ikafika habari kwamba Bunge linajadili mswada wa kuruhusu ngozi za kondoo ziuzwe ng'ambo. Ukipita, mafundi wa Wexcombe watabaki na sindano tu mkononi. Ambrose akaruka kutoka kitandani.

"Unakwenda wapi, marehemu?" mkewe Thomasine akamuuliza.

"Kuuokoa mji."

"Si Stubb yuko huko tayari? Tena yule anajua kusema. Wewe miaka kumi bungeni umefungua mdomo kupiga miayo tu."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Akapanda farasi.

Alifika Westminster ametapakaa matope hadi kwenye nyusi, akamkuta Stubb amesimama, karatasi mkononi, ndiyo kwanza anaanza habari za ngozi. Ambrose akapaza sauti mlangoni, "Kiti hicho changu!"

"Wewe si mahututi?" akauliza mlinzi wa mlango.

Wabunge wakaangua kicheko, kisha wakabishana asubuhi nzima: abaki mgonjwa aliyepona, au huyu aliyewekwa mahali pake? Mwishowe wakaamua kwamba ugonjwa haumvui mtu ubunge. Stubb akatolewa nje. Ambrose akaketi, kifua mbele kama jogoo.

"Haya, mbunge wa Wexcombe," akasema Spika, "tuendelee na ngozi zenu."

Ambrose akasimama. Watu mia tatu wakamkodolea macho. Akasema, "Mheshimiwa Spika." Akameza mate, akasema tena, "Mheshimiwa Spika," akaketi.

Mswada ukapita.

Alipotoka alimkuta Stubb ameketi ngazini, macho mekundu, ile karatasi ameikunjakunja.

"Ndugu yangu," Ambrose akamlaumu, "si ungenipa hiyo niisome?"

"Ungeniomba, ningekupa."