Gundi Isiyoachia

Besi la baba lilifika Guangzhou ndani ya kontena la mwani. Watu wetu hapa kazi yao ni kupeleka mizigo nyumbani. Mimi sijapata kumwona mwingine aliyeagiza kitu kutoka Unguja kije huku. Nililipokea mtaa wa Yide Lu, kwenye ghala la laoban mmoja, tajiri wa Kichina anayenunua mwani na majongoo bahari, na sanduku lake lilikuwa refu hata wapagazi wakalibeba mabegani. Mwanamke mmoja wa Dar, mfanyabiashara mwenzangu, aliacha kufunga marobota yake akaniangalia.

"Shoga, umefiwa?"

"Nilifiwa zamani. Hilo ni besi."

"Besi la nini?"

"La taarab. La baba yangu."

"Makubwa! Wenzio wanaleta pesa China, wewe umeleta jeneza linanuka mwani."

Tulicheka. Laoban naye akacheka, bila kujua tunacheka nini.

Mimi ndiye mkubwa katika watoto wanne. Mama alifariki mdogo wetu wa mwisho akiwa bado ananyonya, na baba hakukaa sana baada yake. Shule niliiacha darasa la sita, mama alipoondoka, kwa sababu mtoto alihitaji mgongo wa kubebwa na nyumba ilihitaji mtu wa kuwasha moto. Niliuza vitumbua, nikauza mitumba, mwisho nikaja huku. Sasa ni wakala: nawatembeza wateja kutoka nyumbani kwenye maduka ya nguo ya Zhanqian Road na kuwapakilia mizigo yao. Wadogo zangu wawili wa kati wana nyumba zao na watoto wao. Huyu wa mwisho, niliyemlea mgongoni, ndiye aliyerithi vidole vya baba.

Analipiga besi hilohilo katika kikundi cha taarab ya zamani. Mwaka juzi ufa wa kifuani mwa besi, kwenye ubao wa mbele, uliozibwa tangu tuko wadogo, ulifunguka tena, na sauti ikawa inakwaruza kama mtu mwenye kikohozi. Mafundi seremala walimwambia watatia skrubu. Wenzake wa kikundi nao wakaanza kusema kwamba kinanda cha umeme kina besi lake ndani, tena hakichukui nafasi kwenye gari. Mdogo wangu hajui kupiga kitu kingine. Aliponipigia simu kunieleza, alijitahidi kuzungumza kama mtu anayetania, nikajua amelia kabla ya kupiga. Nikamwambia, "Lete huku. Nitalitengeneza, na utalipiga." Niliahidi kabla sijajua kama fundi yupo.

Fundi alipatikana kwa kuulizauliza. Ni mwanamke wa rika langu, ana karakana ghorofani, amezungukwa na vifua vya mabesi vilivyovuliwa kama samaki waliopasuliwa. Kichina changu ni cha bei na vipimo, hakifiki kwenye mambo ya muziki. Lakini yeye alijifunza ufundi Ufaransa na Kifaransa anakijua, kwa hiyo nilimchukua kaka mmoja Mkongomani, jirani yangu karibu na Huanshi Zhonglu, anayenunua simu. Fundi alisema Kifaransa, Mkongomani akanigeuzia kwa Kiswahili chake.

Fundi alizunguka besi mara kadhaa kabla ya kuligusa. Kisha akaweka kidole kichwani pa besi, penye tundu la zamani lililozibwa kwa mti.

"Dada, anasema hii iko ya Wafaransa, ya zamani sana, kabla ya babu wa babu yako. Ilizaliwa na nyuzi tatu. Uzi ya ine waliongeza nyuma, miaka mingi baadaye."

Nikamwambia baba alisema lilitoka Madagaska, kwa Mfaransa aliyekuwa akirudi kwao na hakutaka kulibeba. Fundi akatikisa kichwa kukubali. Alisema kuna mji mdogo Ufaransa, unaitwa Mirecourt, ambako watu wa mtaa mzima walifanya kazi hiyo. Huyu alichonga vichwa vya mabesi tangu ujana mpaka uzee, yule alikunja mbavu kwa moto, mwingine alipaka rangi. Wengi hawakuandika majina yao popote. Yeye aliishi huko miaka ya kujifunza, akakodi chumba katika nyumba ambayo ngazi zake bado zilikuwa na madoa ya vanishi.

"Anasema hao wazee walikuwa na gundi ya ngozi ya ng'ombe. Inashika nguvu, lakini ukiweka kisu chembamba na maji ya moto kidogo, inaachia. Walifanya makusudi. Walijua siku moja mtu atafungua."

Alifungua mbele yetu. Kisu kilipita ukingoni taratibu, na gundi ikawa inaachia kwa mlio mdogo kama wa ganda la karanga. Kifua kikainuka. Fundi akakigeuza juu ya meza.

Upande wa ndani, kando ya ufa kuanzia juu mpaka chini, palikuwa na vipande vya kitambaa vilivyobandikwa kwa gundi ngumu ya manjano, inayong'aa kama kioo. Chini ya ile gundi niliona pindo jeusi, na maua ya korosho mekundu.

Nililijua pindo lile. Mama alikuwa na doti moja ya kanga aliyoipenda kuliko nyingine. Alipofariki, kanga moja ilibaki nyumbani na ndiyo niliyombebea mdogo wangu, mpaka ikachakaa, ikawa ya kufutia meza, ikaisha. Ya pili hatukuiona tena. Nguo zake zilitolewa sadaka kama ilivyo desturi, nami nikaamini ilikwenda humo. Nikiwa msichana, kila harusi niliyokwenda nilitazama viuno vya wanawake. Nilikuwa nimeazimia nikimwona aliyeivaa, nitamwomba anibadilishie na yoyote ninayomiliki.

Sasa nikakumbuka. Baada ya arobaini, baba alijifungia na besi, na nyumba ikanuka dawa. Alipotoka mikono yake ilikuwa imekauka kwa gundi, nikamsugua kwa jiwe la miguu naye akatulia tu, kama mtoto. Alikuwa amekwenda dukani akanunua gundi yenye nguvu kuliko zote, ili kile alichokiweka kisitoke.

"Anasema hii ndiyo ugonjwa," Mkongomani akasema. "Mti unavimba wakati wa mvua, unapungua wakati wa jua. Hii gundi haikubali. Inavuta, inapasua pembeni. Ni lazima kutoa."

"Muulize kama kitambaa kitatoka kizima."

Waliongea. Mkongomani alikuna shingo kabla ya kunijibu.

"Haitoki nzima, dada. Ni kukwangua. Inatoka unga."

Nilipiga picha, nikamtumia mdogo wangu. Wale wa kati sikuwatumia. Besi ni lake, na yeye ndiye aliyenyimwa mama. Akapiga papo hapo.

"Dada, vitambara gani hivyo?"

Nikangoja. Nilidhani akitazama vizuri ataona kitu. Lakini ataona nini? Ile niliyombebea ilikuwa mgongoni kwake, si machoni, na ilipoisha alikuwa hajajua kusema vizuri.

"Baba alizibia ufa," nikasema.

"Masikini baba. Basi ndivyo vilivyokuwa vinakohoa humo ndani! Waambie watoe vyote, dada. Vyote."

"Sawa," nikamwambia. Angejua ni kanga ya mama, asingekubali, na kifua kingeendelea kupasuka.

Fundi alikuwa akinitazama. Nadhani kilio changu hakikuhitaji mkalimani. Alionyesha sehemu moja ya chini, karibu na ukingo, akasema pale angeweza kuacha kipande cha upana wa vidole viwili, mti haungeumia.

"Hautaumia kabisa?"

"Anasema si sasa. Labda baadaye sana, mtu mwingine atapata kazi."

Niliwafikiria wale wachonga vichwa na wakunja mbavu wa mji ule, waliomwekea mtu wasiyemjua gundi ya kufungulia.

"Atoe chote," nikasema.

Nilikaa mpaka alipomaliza. Kanga ilitoka vumbi la manjano lenye chembe nyekundu, akalifagia kwa brashi. Mkongomani alivua kofia, sijui kwa nini, akaishika mkononi.

Ufa uliungwa kwa gundi ya ngozi na vibao vidogo vya mti mwepesi. Kazi ilipokwisha, fundi alitaka alipige nisikie. Nikakataa: mkono wa kwanza uwe wa mwenyewe. Akalalamika kwamba hakuna fundi anayetoa kazi bila kuisikia. Nikamwambia basi asubiri niondoke, nikashuka ngazi haraka na kwenda kwa wateja wangu.

Besi lilirudi Unguja na kontena la vigae. Siku walipolirudishia nyuzi zilizotolewa kwa safari, mdogo wangu alinipigia simu ya video. Nilikuwa dukani kati ya marobota ya jinzi, nikajibanza pembeni. Nilimwona amelikumbatia, shavu kwenye shingo yake, kama baba alivyokuwa. Wenzake walikuwa nyuma yake wametulia.

Akapiga.

Simu ni kitu kidogo, na sauti ya besi ni nene mno kupita humo. Niliona vidole vinavuta uzi, niliona uzi unatetemeka, niliona mzee wa fidla anafumba macho. Kilichonifikia ni mgongano wa kucha na uzi, tak, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi mlango wa mbali.

"Umesikia, dada?" akauliza, anacheka huku analia. "Ndiyo sauti ya baba hii, au siyo? Wewe ndiye unayeikumbuka!"

"Nimesikia," nikamwambia. "Ndiyo hiyo."